Anuani yako ya barua pepe ya chuo: maswali wanayouliza wanafunzi wa Lubumbashi

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya msaada wa kompyuta katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi. Wanaonijia wanatoka mitaa ya mji kama Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, wengine wanalala kwenye home (mabweni) za kampasi, na wengi wao wanakuja dakika za mwisho: kesho ni kutetea mémoire (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo), leo akaunti haifunguki. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa mara nyingi. Akaunti nyingi nilizoziona zikipotea hazikuibwa na mtu wa ng'ambo mwenye ujuzi wa ajabu. Zilichukuliwa na mtu wa karibu, na mwenye akaunti ndiye aliyemkabidhi nenosiri kwa mkono wake. Nitalirudia jambo hilo hata pale swali litakapokuwa la kitu kingine.

Vitufe nitavitaja kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye simu na mashine nyingi za huku kwetu.

Nina Gmail yangu tangu sekondari. Ya chuo ni ya kazi gani?

Anuani inayoishia na jina la chuo, ambayo kwa vyuo vingi vya Kongo mwisho wake ni ac.cd, inaonyesha kwamba chuo kinakutambua kama mwanafunzi wake. (Herufi hizo cd zilikuja mwaka 1997, nchi ilipoacha jina la Zaire, kabla yake zilikuwa zr.) Ukimwandikia profesa wa Liège au Leuven kuomba nafasi ya masomo, anuani hiyo inamwambia unatoka wapi hata kabla hajafungua kiambatisho. Habari za minervali (karo), ratiba ya mitihani na matokeo zinatumwa huko. Kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo, maelezo ya kuingia nayo utayapata kupitia chuo.

Gmail yako ibaki kwa mambo ya nyumbani. Simu ya Android inabeba zote mbili bila kuzichanganya.

Naingiaje mara ya kwanza?

Apparitorat (ofisi ya uandikishaji) au ofisi ya kompyuta itakupa vitu viwili: anuani na nenosiri la muda. Nenda kuvichukua mwenyewe, usimtume mdogo wako wala rafiki. Kabla hujaondoka, uliza barua za chuo zinahifadhiwa na nani. Vyuo vingi vinatumia huduma ya Google au ya Microsoft, vingine vina seva yao. Kama ni Google, mlango ni mail.google.com, kama ni Microsoft, ni outlook.office.com. Kama ni seva ya chuo, omba wakuandikie anuani ya ukurasa kwenye karatasi.

Iandike anuani hiyo herufi kwa herufi sehemu ya juu ya kivinjari, kisha ihifadhi kwenye "Favoris". Usiwe mtu wa kuandika kila siku "mail ya chuo" kwenye Google na kubonyeza jibu la kwanza, maana kurasa za bandia nazo hutokea humo.

Ukishaingia, badilisha nenosiri la muda saa hiyo hiyo. Mara nyingine linakuwa limetengenezwa kwa matrikule (namba yako ya mwanafunzi) au tarehe ya kuzaliwa, na matrikule yako iko kwenye valve (ubao wa matangazo), kila anayepita anaisoma.

Yaya (ndugu mkubwa), nimeandika nenosiri sahihi mara tano, mashine inakataa. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Tazama baobonye kwanza. Mashine nyingi za huku zina herufi za AZERTY, yaani zilizopangwa kwa Kifaransa, lakini mtu ameiweka kompyuta kwenye mpangilio wa QWERTY, ule wa Kiingereza. Hapo ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza Z inatoka W, na M inatoa alama nyingine kabisa. Nenosiri linaonekana kama vidoti tu, kwa hiyo huoni kosa. Jaribu kwa kuandika neno "azerty" kwenye sehemu ya anuani, ambako herufi zinaonekana. Likitokea "qwerty", umepata ugonjwa.

Kumbuka pia kwamba kwenye AZERTY tarakimu za juu zinataka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Na ile alama ya arobase (@): kwenye baobonye la Kifaransa ni AltGr na 0, kwenye la Kibelgiji ni AltGr na 2. Ndiyo maana kidole kilichozoea mashine moja kinapotea kwenye nyingine.

Usijaribu mara kumi mfululizo. Mfumo unaweza kukufungia kwa muda ukidhani wewe ndiye mwizi.

Jina langu limekosewa kwenye anuani. Niache hivyo?

Usiache. Huku mtu ana jina, post-nom (jina la pili) na prénom (jina la ubatizo), na kila ofisi inayapanga kwa njia yake. Mtu mmoja anakuwa Ilunga kwenye diploma ya serikali (ya kumaliza sekondari), Mwamba kwenye kadi ya mchaguzi, na anuani ya chuo imechukua lile la tatu. Siku ya kuomba viza au nafasi ya masomo, mtu wa upande wa pili anashindwa kuamini kwamba wote ni wewe. Peleka diploma yako apparitorat mapema, mwaka wa kwanza, na uombe marekebisho kwa maandishi.

Wenye majina yanayofanana, na akina Ilunga na Kasongo tunao wengi, huongezewa tarakimu. Iandike anuani yako nzima kila unapoitoa. Ukisahau hiyo 2 ya mwisho, barua yako ya matokeo inasomwa na mtu mwingine. Alama za juu ya herufi, kama é, haziwekwi kwenye anuani hizi hata kama jina lako linazo.

Kijana wa kibanda cha intaneti ndiye aliyenifungulia akaunti. Kuna ubaya?

Upo, na ndio ubaya ninaouona kuliko mwingine wote.

Najua inavyokuwa. Umekuja kutoka Kasenga au Pweto, hujawahi kukaa mbele ya kompyuta, tarehe ya kuandikishwa inaisha, na pale kando ya lango la kampasi kuna kijana mwema anayepiga fotokopi, anachapa mémoire na kujaza fomu. Unalipa faranga zako, anakufungulia akaunti, anachagua nenosiri mwenyewe, anaweka namba ya simu yake kama namba ya kuokoa akaunti kwa sababu yako haikuwa na mtandao, kisha anaandika yote kwenye daftari lake. Halafu unaondoka ukimshukuru.

Mwenye akaunti hapo ni nani? Ni yule ambaye simu yake inapokea msimbo (tarakimu za kuthibitisha). Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini daftari lake linakaa mezani, wasaidizi wake wanabadilika, na siku moja atauza simu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alinijia akilia: nafasi ya mafunzo aliyoomba ilikuwa imejibiwa, jibu likafunguliwa na mtu mwingine, na muda wa kuthibitisha ukapita bila yeye kujua. Nenosiri lake lilikuwa mikononi mwa watu aliowalipa wamsaidie tangu siku ya kwanza. Nilikaa naye alasiri nzima tukirudisha akaunti, lakini nafasi ile haikurudi.

Fikiria namba ya siri ya M-Pesa. Hakuna hata mmoja wetu anayemtajia mwenye kabini (wakala wa pesa za simu) namba yake ya siri, hata akiwa shemeji. Mama zetu wanaouza sokoni wanalijua hili vizuri kuliko sisi wenye vitabu. Nenosiri la chuo ni la namna ileile.

Ikiwa tayari umefunguliwa hivyo, fanya mambo matatu leo kwa simu yako mwenyewe, si kwa mashine ya pale pale. Badilisha nenosiri. Fungua sehemu ya "Sécurité" uondoe namba ya simu na anuani ya kuokoa akaunti ambazo si zako. Kisha tazama orodha ya vifaa, "Vos appareils", na utoe kila usichokitambua. Huna haja ya kugombana na yule kijana. Endelea kumpelekea fotokopi.

Nenosiri zuri linakuwaje?

Refu. Urefu unasaidia kuliko kujaza alama za ajabu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yaunganishe, na uwe na picha yake kichwani: kwa mfano bukari, ngazi, mwezi, kiatu, lengalenga. (Usichukue haya, nimeshayaandika hapa.) Ni rahisi kukumbuka na ni kazi ngumu kukisia.

Kwa mji wetu nina ombi moja. Acheni Mazembe. Naipenda timu hiyo na nakumbuka 2010 ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu dhidi ya Inter, lakini jina la timu likifuatwa na mwaka huo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Lubumbashi atajaribu. Jina la mtoto, la mchumba, la kanisa na namba ya simu ni vivyo hivyo.

Nenosiri la chuo lisiwe lile la Facebook. Tovuti moja ikivuja, wezi hulijaribu nenosiri hilo hilo kila mahali. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, inakuonyesha kama anuani yako imo kwenye data zilizovuja. Kwa kupima huko inauliza anuani tu. Ukurasa wowote wa kupima akaunti unaokudai nenosiri, ufunge.

Nilibadilishe kila mwezi?

Hapana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha mwaka 2017 kushauri watu walazimishwe kubadilisha kila baada ya muda, kwa sababu anayelazimishwa huongeza 1, kisha 2, kisha 3. Badilisha pale unapohisi mtu amelijua.

Naweza kuliandika kwenye karatasi?

Ndiyo, ikiwa karatasi inakaa nyumbani mahali unapoficha diploma yako. Usiliandike nyuma ya daftari la kozi, wala ndani ya simu kwenye ujumbe wa WhatsApp uliojitumia. Ukiwa na simu yako binafsi yenye kufuli, programu ya kutunza manenosiri ni bora zaidi.

Huo uthibitishaji wa hatua mbili ni nini, na uniletee nini zaidi ya usumbufu?

Ni kwamba nenosiri peke yake halitoshi kuingia. Mfumo unadai na kitu ulichonacho mkononi. Mtu akilijua nenosiri lako bila kuwa na simu yako, anabaki nje. Kwa Google unauwasha kwenye "Sécurité", palipoandikwa "Validation en deux étapes". Unachagua njia.

Njia ya SMS ndiyo wengi wanaichagua, na ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini huku kwetu ina udhaifu wake. SMS inachelewa, unaipata wakati msimbo umeshakufa. Watu tunabadilisha laini kati ya Vodacom, Airtel, Orange na Africell kufuata bei ya mega (data ya intaneti), na laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huizima, kisha namba ile huweza kuuzwa upya. Siku hiyo msimbo wako unaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Tena kuna wezi wanaokwenda kudai laini yako kwamba wameipoteza.

Njia ninayowapendekezea ni programu ya misimbo, kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Inatoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, na haihitaji mtandao, mega wala uniti (salio). Simu ikiwa haina laini kabisa bado inatoa msimbo. Kwa mji ambao mtandao unakuja na kuondoka, sijui kitu bora kuliko hicho.

Na usiache kuchukua misimbo ya akiba, "Codes de secours". Google inakupa kumi, yenye tarakimu nane kila mmoja, na kila mmoja unatumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi, ikae na ile diploma. Ukipoteza simu, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani bila kuja kupanga mstari kwangu.

Programu inatoa msimbo lakini kila mara unakataliwa.

Hili limenichukua muda kulielewa, na sasa ndilo la kwanza ninalolitazama. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Simu nyingi zinakuja zimewekwa kwenye saa ya Kinshasa. Mwenye simu anaona dakika ziko sawa lakini saa imepungua moja, basi anaisogeza kwa mkono. Kwa macho imekaa sawa. Lakini programu ya misimbo inapiga hesabu yake kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, na simu hiyo sasa inaamini kwamba iko saa nzima mbele. Msimbo unaotoka ni wa saa ijayo.

Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, rudisha saa ijiweke yenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha chagua eneo la saa la Lubumbashi badala ya Kinshasa. Msimbo utakubaliwa papo hapo.

Tukiwa hapo hapo: tangazo la nafasi ya masomo likisema mwisho ni 23:59 saa ya dunia, yaani UTC, kwetu ni saa saba na dakika 59 usiku unaofuata. Likisema saa ya Brussels, kipindi cha joto cha Ulaya ni sawa na saa yetu, na kipindi cha baridi ni sawa na ya Kinshasa. Watu wamekosa nafasi kwa hesabu hii.

Umeme umekatika nikiwa nimefungua akaunti kibandani. Nirudi kesho?

Usingoje kesho. Delestaji (mgao wa umeme) inazima kompyuta bila wewe kutoka kwenye akaunti. Umeme ukirudi, kivinjari kinauliza kama kifungue kurasa za mwanzo. Anayekaa baada yako anabonyeza ndiyo, na kisanduku chako kiko mbele yake bila kuulizwa nenosiri.

Ukifika tu mahali penye mtandao, fungua akaunti kwa simu yako, nenda "Vos appareils", ichague kompyuta ile na ubonyeze "Se déconnecter". Unaweza kuifanya hata ukiwa ndani ya basi. Ukiwa huna simu yenye intaneti, azima ya mtu unayemwamini, ingia kwa dirisha la faragha, badilisha nenosiri, kisha utoke.

Dirisha hilo la faragha, "Navigation privée", litumie kila unapokaa kwenye mashine isiyo yako. Ukilifunga halibakizi nenosiri. Lakini halizuii programu ya siri inayonakili kila herufi unayobonyeza, na mashine za hadharani zinaweza kuwa nayo. Kwa hiyo mashine ya kibandani itumie kusoma na kuchapisha, si kubadilisha nenosiri. Na flashi uliyoichomeka pale, ipime na antivirusi kabla hujaichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani.

Wi-Fi ya kampasi ni salama? Kuna kile kikufuli pale juu.

Kikufuli kinakuambia kwamba maneno yako hayasomwi njiani kati ya simu na tovuti. Hakikuambii kwamba tovuti ni ya kweli. Mwizi naye anapata kikufuli bila kulipa hata faranga. Wi-Fi yenyewe isikutishe sana. Tishika pale ukurasa wa Wi-Fi unapokuomba nenosiri la barua pepe wakati siku nyingine haukuwa ukiliomba.

Nimepata ujumbe: akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24. Ni kweli?

Karibu kila mara si kweli. Chuo kinapokaribia kufunga kitu huku kwetu, tangazo linabandikwa kwenye valve na CP (kiongozi wa darasa) anapewa habari; hakiji kwa siri saa nne usiku kikikutisha wewe peke yako.

Tazama kiungo kabla ya kukibonyeza. Kwenye kompyuta weka mshale juu yake bila kubonyeza. Kwenye simu kishikilie mpaka anuani itokee. Baada ya https:// tafuta mkwaju (/) wa kwanza, halafu soma ukirudi nyuma kutoka hapo. Kinachokaa mara moja kabla ya mkwaju ndicho mwenye nyumba. Anuani kama mail.chuo.ac.cd/ingia ni ya mwenye chuo.ac.cd. Anuani kama chuo.ac.cd.jinajingine.com/ingia ni ya mwenye jinajingine.com, ingawa jina la chuo limewekwa mbele ili jicho liridhike.

Zamani nilikuwa nikiwaambia watafute makosa ya Kifaransa. Siku hizi barua za wezi zimeandikwa vizuri kuliko zetu, basi ushauri huo nimeuacha. Angalia ujumbe unakutaka ufanye nini. Ukitaka nenosiri, msimbo wa simu, au pesa ya "frais de dossier" (ada ya kushughulikia ombi) kwa Airtel Money ili upewe nafasi ya masomo, ufute. Mimi mwenyewe sijawahi kumwomba mwanafunzi nenosiri na sitamwomba. Ninayo njia ya kuliweka jipya bila kulijua la zamani.

Lakini ujumbe umetoka kwenye anuani ya profesa mwenyewe.

Basi huenda akaunti ya profesa ndiyo imeibwa. Mpigie simu, au mngojee mlangoni mwa auditoire (ukumbi wa mihadhara). "Samahani, Prof, nimepata ujumbe wako wa jana, nataka kuhakikisha ni wewe." Hakuna profesa mwenye busara atakayekasirika.

Nimeshabonyeza na nimeshaandika nenosiri. Nifanye nini?

Usione aibu, njoo mapema. Kila saa inayopita ni ya mwizi. Kabla hujafika, fanya haya kwa kifaa chako mwenyewe.

Badilisha nenosiri kwanza. Tovuti nyingine ulikotumia nenosiri hilo hilo, badilisha na huko. Toa vifaa vyote usivyovitambua.

Halafu inakuja sehemu ambayo karibu kila mtu anaisahau. Mwizi mwenye akili akiingia, jambo la kwanza analofanya ni kuweka agizo kwamba kila barua inayokuja inakiliwe kwenye anuani yake. Ukibadilisha nenosiri, agizo lile linabaki. Anaendelea kusoma barua zako miezi mingi bila kuingia tena. Kwenye Gmail ya kompyuta fungua "Paramètres", kisha "Transfert et POP/IMAP", uone kama kuna anuani ngeni. Pitia pia "Filtres et adresses bloquées": kichujio kinaweza kuwa kinafuta kila ujumbe wenye neno "bourse" (msaada wa masomo) au "mémoire" kabla hujauona. Kwenye Outlook tafuta "Règles" na "Transfert". Tazama pia programu zilizopewa ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako, zile ulizozikubalia ukicheza mchezo au ukipima tabia yako. Ruhusa yao nayo huweza kubaki hata ukibadilisha nenosiri, basi iondoe mwenyewe. Hakikisha namba na anuani ya kuokoa akaunti bado ni zako.

Mwisho fungua barua zilizotumwa. Kama mwizi amewaandikia watu kwa jina lako, waandikie wote ujumbe mfupi kwamba wasilipe chochote. Mtahadharishe hasa mjomba wa Kolwezi au shangazi wa Likasi, maana hao hutuma pesa kwanza na kuuliza baadaye kwa ajili ya upendo.

CP wetu anataka manenosiri yetu yote ili atupakulie kozi. Tumpe?

Hapana, hata kama mnampenda na mlimchagua nyote. Anaweza kupakua kozi kwa akaunti yake na kuwasambazia kwa flashi au kwa Bluetooth, bila mega. Na mkitaka anuani moja ya promosheni (darasa lenu) nzima, njooni niwatengenezee kikundi: barua moja inawafikia wote, na kila mmoja anaingia kwa ufunguo wake.

Mémoire yangu ni kubwa, haitumiki.

Gmail inakubali kiambatisho cha megabaiti 25, na faili ikipita hapo inapelekwa kwenye Drive, ghala la faili la Google, msomaji anapata kiungo. Sehemu kubwa ya uzito ni picha. Punguza picha, hifadhi kama PDF, na mara nyingi megabaiti 40 zinakuwa 6. Ukituma kwa kiungo cha Drive, chagua majina ya watakaofungua; usiweke kwamba kila mwenye kiungo aone kazi ambayo hujaitetea.

Na usiiache mémoire ndani ya barua pepe peke yake. Wote tuliokuwapo tunakumbuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilipofungwa nchi nzima mpaka Januari 2019. Kazi yako ikae pia kwenye flashi na kwenye kompyuta.

Nimefuta ujumbe kwa bahati mbaya. Au nimetuma kwa mtu asiye wake.

Uliofutwa unakaa kwenye "Corbeille" siku 30, baada ya hapo umekwenda. Uliotumwa, Gmail inakupa kati ya sekunde 5 na 30 za kubonyeza "Annuler". Iongeze mpaka 30 kwenye "Paramètres". Ukishapita muda huo, andika barua ya pili ya kuomba radhi.

Chuo kinasoma barua zangu?

Msimamizi wa mfumo ana uwezo wa kuweka nenosiri jipya na kuona kama akaunti inatumika. Hiyo si ruhusa ya kusoma. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, nayo inazungumzia ulinzi wa data za watu na kuadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila haki. Inamhusu msimamizi, na inamhusu pia anayefungua akaunti ya mchumba wake kwa kuwa analijua nenosiri. Hata hivyo, akaunti ni ya chuo na wewe umepewa uitumie. Siri za nyumbani, za hospitali na za mapenzi zisikae humo.

Ninamaliza masomo mwaka huu. Akaunti itabaki?

Uliza mapema, usidhani. Google ilipoacha, mwaka 2022, kuvipa vyuo nafasi isiyo na mwisho na kuvipimia terabaiti 100 kwa chuo kizima, vingi vilianza kufunga akaunti za waliomaliza. Ukiwa bado mwanafunzi, pitia takeout.google.com uchukue barua na faili zako zote. Faili linaweza kuwa zito, kwa hiyo lipakue usiku mega zinapokuwa rahisi, au kwenye Wi-Fi ya kampasi.

Kisha orodhesha kila mahali ulipojiandikisha kwa anuani ya chuo: maktaba, LinkedIn, fomu za kuomba kazi kwenye kampuni za migodi. Badilisha moja moja uweke Gmail yako kabla mlango haujafungwa, kwa sababu baadaye ujumbe wa kuthibitisha mabadiliko utatumwa kwenye anuani isiyokuwapo. Ukiwa unaandika makala, jifungulie namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti. Ni tarakimu 16, ni bure, na inabaki yako hata ukihama chuo. Iwekee anuani mbili, ya chuo na yako binafsi.

Na waandikie maprofesa wako wiki ya mwisho kutoka anuani ya chuo, ukiwapa ile mpya. Wakiona inatoka huko, watajua ni wewe kweli.